Karakana Iliyongoja Mkasi

Sogeeni karibu, na mwenye kutaka kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sirudii. Habari hii haikutokea hapa kwetu. Hapa kwetu, tunashukuru, hatuna mambo ya namna hii. Ilitokea katika nchi ya Subirani, nilikowahi kuishi, ambayo mkiitafuta kwenye ramani ya shuleni hamtaiona, kwa kuwa ramani yenye jina lake ilichapishwa zamani lakini haijazinduliwa.

Subirani ni nchi nzuri. Ina mito, ina reli, ina watu wapole wanaosalimiana mpaka chai inapoa. Na ina sheria moja inayoheshimiwa kuliko zote, iitwayo Sheria ya Utepe. Sheria hiyo inasema kwamba kitu chochote cha umma, kiwe kikubwa kama hospitali au kidogo kama ndoo ya kuzimia moto, hakitaguswa mpaka Mgeni Rasmi aje akate utepe. Nami niliiona ni sheria yenye adabu. Hata nyumbani, mgeni ndiye anayeanza kunawa.

Nitoe mfano mmoja. Karibu na mtaa wetu wa Mwendapole palikuwa na daraja jipya la zege, lenye vyuma vya kushikia vilivyopakwa rangi ya buluu. Lilikamilika mwaka ambao mjukuu wangu Siwema aling'oka meno ya mbele. Utepe mwekundu ukafungwa upande huu na upande ule, na mlinzi akaajiriwa, Mzee Chande, akapewa kiti, filimbi na daftari. Sisi watu tuliendelea kuvuka mtoni, chini ya daraja, maji yakitufika magotini, viatu tumevibeba kichwani, tukiliinulia macho daraja letu kwa fahari. Waliopita juu ni mbuzi peke yao, kwa sababu mbuzi hawajasoma sheria. Na Mzee Chande, mtu mwaminifu, kila jioni aliandika: "Mbuzi kumi na wanne. Watu hakuna." Daftari likijaa lilipelekwa wizarani, na wataalamu wakalisoma, wakagundua kwamba daraja linahitajika sana, hasa na mbuzi.

* * *

Sasa mambo ya shule. Hayo yalianzia kwenye kiti.

Siku moja Mtukufu Baba wa Nchi alitembelea Shule ya Sekondari Mwendapole. Akakalishwa kwenye kiti kizuri kuliko vyote vilivyokuwapo, cha Mwalimu Mkuu, kilichofunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya zambarau. Alikuwa anasikiliza wimbo wa kumkaribisha, wamefika ubeti wa tisa, mara mguu mmoja wa kiti ukasema ka! Mtukufu akabaki ameinamia upande mmoja kama mtungi uliokosa kata. Wimbo haukusimama. Wimbo wa kumkaribisha Mtukufu una beti kumi na nne, na huimbwa zote.

Ulipoisha, akauliza, bado ameinama vilevile, "Nani hapa anaweza kukitengeneza kiti hiki?"

Wanafunzi mia nne wakatazamana. Hatimaye mmoja, aliyekuwa akishika namba moja miaka mitatu mfululizo, akapiga hatua mbele, akaweka mikono nyuma na kusema:

"Mtukufu, kiti ni samani ya kukalia. Kiti kina sehemu kuu nne: miguu, kikalio, egemeo na mikono. Faida za kiti ni kama zifuatazo. Kwanza..."

"Mwanangu, nimeuliza nani anaweza kukitengeneza."

"Hilo, Mtukufu, halimo kwenye muhtasari wa somo."

Baba wa Nchi alisikitika kweli. Wiki haikuisha, ikaundwa Wizara ya Ujuzi wa Mikono na Ajira za Baadaye. Ikatangazwa kwenye redio kwamba kila shule itajengewa karakana, kila mwanafunzi atamaliza akiwa na kazi mkononi, na ambaye hatakuwa na kazi ya mikono iliyokaguliwa hatapewa cheti cha kumaliza. Wazazi tulipiga vigelegele. Kile kiti kikapelekwa makumbusho, na mguu wake ukawekwa pembeni, kila kimoja na utepe wake.

* * *

Karakana ya Mwendapole ilijengwa kwa miezi mitatu, na ilikuwa karakana hasa. Nilichungulia dirishani kwa macho yangu. Cherehani kumi zilikuwa bado zimevikwa nailoni. Meza za seremala sita, kila moja na jiliwa yake ya kubania mbao. Misumeno ilitundikwa ukutani kwa urefu, mikubwa nyuma, midogo mbele, kama watoto kwenye paredi. Na randa za chuma za kulainishia mbao, zinang'aa, ungeweza kujitazama ukafunga kilemba.

Siwema alikuwa kidato cha tatu. Aligandisha pua kwenye kioo mpaka kikaingia ukungu.

"Bibi, zile randa zina skrubu ya kuinulia ulimi! Ya babu mpaka uigonge na nyundo."

"Ya babu yako ilitengeneza nusu ya vitanda vya mtaa huu," nikamwambia. "Usiitukane, inasikia."

Marehemu mume wangu alikuwa fundi seremala. Miaka thelathini nilimshikia upande wa pili wa ubao, na mtu akishika upande wa pili wa ubao miaka thelathini, hata kama aliishia darasa la saba, kuna mambo yanamwingia. Vyombo vyake vilikuwa kwenye gunia chini ya kitanda changu. Na huyu mtoto alirithi vidole vyake. Alikuwa na jambo moja tu moyoni: Karakana ya Reli, ng'ambo ya mto, wanakotengeneza mabehewa, milango yake, madirisha yake na viti vyake. Kila mwaka walichukua wanafunzi wawili waliomaliza shule na kuwafundisha huku wakifanya kazi. Siwema alikuwa ameshakwenda kuwaona, peke yake, mto kautia kiunoni. Fundi Mkuu wao alimpa kipande cha mbao akilainishe, akakitazama, akakinusa, akasema, "Nafasi ninakuwekea. Jumatatu ya kwanza ya Desemba mwakani, saa mbili asubuhi, uje na cheti. Usipokuja, nampa mwingine."

Basi mnaona. Kila kitu kilikuwa tayari: karakana ipo, mtoto yupo, kazi ipo ng'ambo. Kilichobaki ni mkasi.

* * *

Mkasi uliletwa habari zake na Bwana Kifungu, afisa wa wizara, mtu mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni na mkoba usiofungika kwa kujaa. Alifunga utepe mwekundu mlangoni mwa karakana, akarudi nyuma hatua tatu, akautazama, akaurudia, kwa sababu upinde ulikuwa umelala upande.

Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Tamimu, mtu wa sauti ndogo, alimuuliza, "Uzinduzi ni lini, Afisa?"

"Hivi karibuni."

Huko Subirani "hivi karibuni" ni kipimo rasmi cha wakati. Kinazidi wiki, lakini mwisho wake haujapimwa.

"Na mtihani wa kazi ya mikono?"

"Huo una tarehe. Novemba mwakani, Ijumaa ya mwisho. Tarehe ya mtihani haibadiliki, Mwalimu. Tuko makini."

"Sasa watoto watajifunza vipi kabla ya karakana kufunguliwa?"

"Watajifunza ikishafunguliwa."

"Na isipofunguliwa mpaka Novemba?"

Bwana Kifungu alifikiri, maana ni mtu wa haki. "Basi hawatakuwa na kitu cha kukaguliwa," akasema, "na mkaguzi hatachoka."

Kisha akatoa mkobani waraka wa itifaki. Mgeni Rasmi wa ngazi ya Waziri, ulisema waraka, hukata utepe akiwa juu ya jukwaa la mbao lenye urefu wa kiuno cha mtu mzima na ngazi tano, lililojengwa na wanafunzi wenyewe kwa mapenzi. Vyombo vya karakana visitumike, kwa kuwa havijazinduliwa.

Mwalimu Tamimu akawatazama wanafunzi. Wanafunzi wakaitazama misumeno dirishani.

Siwema alifika nyumbani anahema. "Shikamoo Bibi, gunia la babu liko wapi?"

* * *

Jukwaa la kwanza, nisifiche, lilikuwa aibu. Watoto walikuwa na randa moja, misumeno miwili yenye mapengo, patasi tatu na mimi. Nilikaa kwenye kigoda, mguu umenivimba, nikiwaelekeza.

"Siwema, usiisukume randa kama unamfukuza jogoo. Isindikize."

"Naisindikiza, Bibi."

"Unaifukuza. Sikiliza inavyolia. Randa ikifurahi haingurumi, inanong'ona."

Mwalimu Tamimu alipanda kulijaribu, akiwa na karatasi ya risala mkononi. Alipofika "Mheshimiwa Mgeni Rasmi" jukwaa likaanza kuinama polepole, kwa heshima, na aya ya pili aliisomea kwenye tuta la maharage la kidato cha kwanza.

Lakini hawakuvunjika moyo, kwa sababu uzinduzi uliahirishwa. Waziri alikuwa amekwenda ughaibuni kuhudhuria mkutano kuhusu vijana wanaongojeshwa. Wakalivunja, wakalijenga upya, safari hii kwa kuingiza ulimi wa ubao huu kwenye tundu la ubao ule, kama babu yake Siwema alivyokuwa akiunga vitanda.

Likasimama. Siku hiyohiyo akaja Bwana Kifungu na futi kamba. Waziri amepandishwa cheo kidogo, akasema, kwa hiyo jukwaa lipande shubiri moja.

Wakalipandisha. Waziri akabadilishwa. Waziri mpya, Mheshimiwa Shangwe Vifijo, alikuwa mtu mwenye mwili unaolingana na madaraka, hivyo ngazi zipanuliwe na nguzo ziongezwe. Wakapanua. Mheshimiwa akaumia goti akifungua michezo ya afya. Zikatakiwa ngazi za kulala, asikunje goti sana. Goti likapona, ngazi zirudi. Ikaja amri ya kivuli, kwa hiyo wanafunzi wakashona turubai, na kwa kuwa cherehani kumi zilikuwa zimefungiwa, fundi Mwinjuma wa pale kona aliwaachia yake wakati wa mchana alipokuwa analala. Walishona turubai, kisha pazia, kisha sare za gwaride, kisha sare nyingine kwa sababu za kwanza ziliwabana, walikuwa wamekua.

Mwaka ukazunguka. Jukwaa lilivunjwa na kujengwa mara kumi na moja, nilizihesabu kwa mafundo kwenye pindo la khanga. Mara ya kwanza iliwachukua wiki tatu. Mara ya kumi na moja walianza baada ya uji, na kengele ya saa nne ilipolia walikuwa wanapiga msasa. Hawakutumia hata msumari mmoja, kwa sababu kamati ya kuidhinisha misumari ilikuwa haijakaa.

Bwana Kifungu alilizunguka, akaligonga kwa vidole, akalitikisa. Likamtikisa yeye.

"Hii kazi safi," akasema. "Mmejifunzia wapi?"

"Hatujajifunza, Afisa," akajibu Siwema. "Tunajiandaa na uzinduzi."

"Vyema kabisa. Mkishazinduliwa ndipo mtaanza kujifunza."

Siwema hakuondoka. Alikuwa sasa kidato cha nne, na Novemba imeingia. "Afisa, naomba kuuliza. Hili jukwaa haliwezi kuwa ndiyo kazi yetu ya mikono? Ya mtihani?"

Bwana Kifungu alifungua kitabu cha kanuni, akalowesha kidole. "Kazi ya mikono maana yake ni kazi iliyofanyika katika karakana iliyozinduliwa. Hili limefanyika nje, na karakana haijazinduliwa. Kwa hiyo, binti yangu, hili si kazi. Haya ni maandalizi."

"Na tusipokuwa na kazi?"

"Kwenye fomu mtaandika hakuna. Andikeni kwa mwandiko mzuri."

Jioni ile Siwema hakula. Alikaa mlangoni akinoa patasi kwenye jiwe, shaa, shaa, shaa, mpaka nikamwambia ataimaliza.

"Bibi, kule reli nafasi ni mbili tu. Nisipotokea, Fundi Mkuu anampa mwingine. Wewe mambo haya unayavumilia vipi?"

"Mimi nimezaliwa Subirani, mwanangu," nikamjibu. Lakini nilipolala nililigeuza jibu lile, nikaona halina chumvi.

* * *

Mheshimiwa Shangwe Vifijo alikuja. Mwenyezi Mungu si Athumani! Tena alikuja Ijumaa ya mwisho ya Novemba, siku yenyewe ya mtihani, saa saba mchana badala ya saa tatu, na magari tisa. Bwana Kifungu alikuwa na fomu za mtihani mkononi na waraka wa itifaki kwapani. Jua lilikuwa kali, na watoto walikuwa wamesimama mstarini tangu alfajiri.

Waziri alipanda jukwaani. Halikulia. Akakanyaga kwa nguvu kujaribu, halikulia. Akatabasamu, akashika kipaza sauti.

"Itifaki imezingatiwa! Ndugu wananchi, vijana ni taifa la kesho. Na kesho, nawahakikishia, imeshatengewa fungu. Wapo wanaosema vijana hawana kazi. Si kweli! Vijana wana kazi ya kujiandaa. Nami leo nikiwatazama vijana wa Mwendapole, naona kizazi kilichojiandaa kwa muda mrefu kuliko kizazi chochote katika historia ya nchi yetu!"

Tulipiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Mwanangu alianza kujiandaa hana ndevu."

Mkasi ukaletwa kwenye sinia lililotandikwa kitambaa cheupe. Ulikuwa mkasi wa dhahabu, au wa rangi yake, na haukukata. Waziri aliutafuna utepe mara nne mpaka ukaachia kwa kuchoka. Bendi ikapiga. Mwalimu Tamimu akafungua kufuli na kusukuma mlango.

Mlango haukusogea.

Ulikuwa umekula mvua za misimu miwili, umevimba kwenye fremu kama jino lililooza. Bwana Kifungu akasukuma kwa bega. Walinzi wawili wakasukuma. Bendi, kwa busara, ikarudia wimbo kutoka mwanzo. Jasho likaanza kumtoka Waziri, na kwa kuwa alikuwa mtu wa vitendo, akauliza kwenye kipaza sauti:

"Nani hapa anaweza kuufungua mlango huu?"

Nilikikumbuka kile kiti. Niliwaangalia wanafunzi, nikangoja waanze kutazamana. Hawakutazamana. Wote walimtazama Siwema.

Yeye alikuwa ameshafungua mkoba wake wa madaftari. Akatoa bisibisi, patasi, na randa ya babu yake.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Naomba usogee kidogo, utapata vumbi."

Waziri akasogea. Bwana Kifungu aliliandika jambo hilo, maana halikuwa na mfano.

Siwema aligonga bawaba kwa mpini wa patasi, akalegeza skrubu moja moja na kuzishika kwa midomo. Kisha akasema, "Haya," na darasa zima la kidato cha nne likaja kuunyanyua mlango, watoto hamsini na wanane. Wengine walipata nafasi ya kidole kimoja tu, lakini walikishika. Wakaulaza juu ya jukwaa, umati ukauzunguka, na hakuna aliyekumbuka kuchungulia ndani. Siwema akaushukia ukingo na randa, na ile sauti, jamani, ilinong'ona. Maranda yaliviringika kama nywele za mtoto mchanga, mengine yakatua kwenye viatu vya Waziri. Wakaurudisha, wakaufunga, akausukuma kwa kidole cha shahada.

Ukafunguka, na kila mtu akaona yale ambayo vumbi la madirishani lilikuwa limeyaficha.

Cherehani kumi zilikuwa zimeota kutu mpaka kwenye sindano. Misumeno ilikuwa rangi ya togwa ya ulezi. Mchwa walikuwa wamemaliza meza za seremala, wamebakiza maumbo. Mwalimu Tamimu aligusa moja kwa ncha ya kidole, nayo ikaketi chini. Nailoni peke yake ndiyo ilikuwa nzima.

Waziri alitazama ndani. Akautazama mlango. Akalitazama jukwaa, na turubai, na sare za gwaride. Huyu hakuwa mtu mjinga, msidhani. Aliuvuta mlango taratibu, ukajifunga bila kugusa fremu, akageukia umma.

"Ndugu wananchi! Karakana hii imefungwa karibu miaka miwili. Na watoto wamekuwa mafundi! Siri ni nini? Siri ni kufungwa! Natangaza hapa leo kwamba kila shule ya Subirani itajengewa karakana, na isifunguliwe na mtu yeyote!"

Makofi yaliyopigwa pale sijapata kuyasikia tena. Bwana Kifungu akatoa utepe mpya mkobani. Alikuwa nao kila wakati.

"Mheshimiwa," ikasikika sauti ndogo. Alikuwa Mwalimu Tamimu, na sikumbuki kumsikia akiongea bila kuongeleshwa. "Mtihani ni leo. Watoto hawana kazi ya kukaguliwa."

"Kanuni," akasema Bwana Kifungu akiwa bado anafunga upinde, "inataka kazi iliyofanyika katika karakana iliyozinduliwa."

"Imezinduliwa, Afisa," akasema Siwema. Akauonyesha kwa kidole utepe wa zamani, uliolala chini. "Utepe ulikatwa kwanza. Ndipo nikautengeneza mlango. Na wenzangu wote wameushika."

Kitabu cha kanuni kikafunguliwa. Bwana Kifungu akasoma kutoka juu, akasoma kutoka chini. "Lakini mlango," akasema, "uko ndani ya karakana au nje?"

"Mlango, Afisa, uko pande zote mbili."

Waziri akaangua kicheko mpaka goti lake likamkumbusha. "Wape vyeti, Kifungu! Wape twende, chakula kinapoa."

Basi wote hamsini na tisa wakaandika kwenye fomu, kwa mwandiko mzuri: Mlango. Bwana Kifungu aliketi kwenye ngazi ya tatu ya jukwaa, akaandika vyeti kimoja kimoja, akagonga mihuri, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kufanya mambo nusunusu, akavikunja na kukifunga kila kimoja kwa utepe mwembamba mwekundu.

"Msivifungue," akasema. "Atakuja Mgeni Rasmi."

"Lini, Afisa?"

"Hivi karibuni."

* * *

Jumatatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Siwema alikuwa amevaa, ameoga, nywele amezisuka mistari sita, na ameketi kwenye mkeka na cheti chake magotini kama mtu aliyebebeshwa mtoto asiye wake. Mimi nilikuwa nakata mchicha.

"Mto umejaa, Bibi. Wanasema maji yanafika kifuani. Na hiki hata nikifika nacho hakijafunguliwa."

Nikamtazama. Nimengoja mambo mengi maishani, wajukuu zangu. Niliwahi kungoja maji ya bomba mpaka bomba likazeeka, wala sikuwahi kulalamika, maana kungoja hakuniumi. Lakini siku ile niliona mtoto wa miaka kumi na saba amekaa mkao wangu mimi.

"Lete hapa," nikasema.

"Bibi! Ni sheria."

"Nimekwambia lete."

Nikaukata utepe kwa kisu cha mchicha. Kilikata mara moja. Nikafuta jani lililonasa kwenye muhuri, nikamrudishia. "Beba na randa," nikasema, "Fundi Mkuu asidhani umekwenda kumwonyesha karatasi." Nikajitanda khanga yangu ya sikukuu, ile ya korosho za njano, tukatoka.

Mtoni maji yalikuwa yanabeba migomba mizima. Darajani, Mzee Chande alikuwa kitini pake, gunia kichwani, daftari kalifunika kwa nailoni.

"Umeamkaje, Bi Somoe?"

"Nimeamka, Chande. Mvua hii!"

"Mvua. Mnakwenda wapi na hali hii?"

"Ng'ambo. Mtoto anaanza kazi reli. Saa mbili."

Alimtazama Siwema, akaitazama randa. Akautazama utepe, ambao ulikuwa umepauka mpaka ukafanana na ufizi wa mtoto. Halafu akanyanyuka, akakigeuza kiti chake kikaelekea huko mto unakotoka, akaketi tena, ametupa mgongo.

"Macho yangu siku za mvua si mazuri," akasema. "Hata mbuzi nawahesabu kwa kwato."

Tuliinama chini ya utepe, hatukuukata, maana si wetu. Daraja lilikuwa imara sana. Siwema alifika saa mbili kasoro dakika tano.

Daftari la Mzee Chande lilifika wizarani kama kawaida. Nimeambiwa na mtu aliyelisoma kwamba siku ile imeandikwa: "Mbuzi wawili. Mmoja mzee, amevaa khanga. Mmoja kijana, amebeba randa." Siku iliyofuata: "Mbuzi arobaini." Na mwisho wa wiki: "Mbuzi mia tatu na sita, wengi wakiwahi saa mbili."

Wataalamu wamefurahi mno. Wameandika ripoti nene, yenye jalada la buluu, kwamba Mpango wa Ajira za Baadaye umefanikiwa kuliko ulivyotarajiwa: hata mbuzi wa Subirani wameanza kwenda kazini. Ripoti hiyo itazinduliwa.